Mrija wa Kiko Uliogeuka Kijani, na Shauri la Alama za Meno

Kiko cha mzee aghalabu hubaki nyumbani muda mrefu kuliko kofia yake na hata fimbo yake. Hulazwa katika sanduku la bati, au juu ya kabati pamoja na picha na vyeti, na miaka hupita pasipo mtu kukigusa. Siku kinapotolewa, bakuli lake la mti huwa lingali zuri, wekundu wake haujapotea. Lakini mrija wake, ambao zamani ulikuwa mweusi wenye kung'aa kama kiatu cha askari wa gwaride, umegeuka rangi ya kijani chenye hudhurungi, mfano wa jani la mgomba linaloanza kukauka. Mwenye kuutia mdomoni huutoa upesi kwa uchungu wake. Hapo ndipo wenye nyumba huanza kubishana: huyu asema ni ukungu, yule asema ni kutu, mwingine asema ni tumbaku ya zamani iliyopenya hadi nje. Hakuna hata mmoja aliyepata. Na kwa kuwa dawa hufuata ugonjwa, wote watatu wangeuharibu mrija kama wangeachiwa kuutibu.

Inafaa kwanza kutenga kiko na kiko. Kiko cha jadi cha Rwanda, ambacho kwa Kinyarwanda huitwa inkono y'itabi, yaani chungu cha tumbaku, hakimo katika maradhi haya. Bakuli lake ni la udongo uliochomwa au la mti, na mrija wake ni mti uliotobolewa, mara nyingine mrefu sana. Ndicho ambacho hata leo huonekana mikononi mwa wazee katika sherehe za gusaba, pande mbili zinapoketi kuposana. Mti haugeuki kijani. Huziba kwa masizi, na hupasuka ukikauka mno. Dawa yake ni kuupitisha bua jembamba au waya usio na ncha kali, kuufuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na kuuacha kivulini ukauke. Asije mtu akauloweka usiku kucha: utavimba, na asubuhi hautaingia tena katika bakuli lake. Mrija wa pembe ya ng'ombe huchukiana na maji vivyo hivyo.

Maradhi ya kijani ni ya kiko cha Kizungu, kile chenye bakuli lililochongwa katika kisiki cha bruyère, kichaka cha nchi zinazopakana na bahari ya Mediterania, na chenye mrija mweusi ulionyooka au uliopinda. Viko vya namna hii viliingia Rwanda mikononi mwa maofisa, wamisionari na wafanyabiashara katika zama za Wajerumani na za Wabelgiji, na baadaye makarani, walimu na askari wenyeji wakavipenda pia. Mrija wake mweusi si mti wala si plastiki. Ni mpira. Ni mpira ule ule wa matairi, ila umefanywa mgumu kama pembe kwa kuchanganywa na salfa nyingi na kupikwa katika joto. Jina lake ni eboniti. Mmarekani Charles Goodyear alipata hati ya uvumbuzi wa kupika mpira kwa salfa mwaka 1844, na nduguye Nelson akapata hati ya mpira mgumu mwaka 1851. Mpira wa tairi hutiwa salfa kidogo tu, sehemu chache katika mia. Eboniti hutiwa kiasi kikubwa, yapata robo hadi theluthi ya uzito wake wote. (Ulaya ya wakati ule ilikuwa na kiu kubwa ya mpira kwa kazi nyingi, na hakuna haja ya kuwakumbusha wakazi wa mpakani jinsi mpira wa Kongo ulivyopatikana chini ya Mfalme Leopold II hadi mwaka 1908.)

Katika salfa hiyo ndimo ugonjwa ulimo. Mwanga wa jua, hewa na unyevu vinapoushambulia mrija kwa miaka, mpira wa juu huchakaa na salfa iliyofungwa ndani yake huachiliwa. Rangi hufifia, uso huwa wa kukwaruza, na kwa unyevu salfa hiyo huzaa asidi kidogo. Ndio ule uchungu unaouma ulimi. Harufu yake inafanana na ile ambayo watu wa Gisenyi na Goma huitambua siku upepo unapoteremka kutoka Nyiragongo, nayo si ajabu, maana mlima ule nao hutoa moshi wa salfa. Hivyo kijani hakikutoka nje kikaganda juu ya mrija kama uchafu. Ni mrija wenyewe, ngozi yake ya juu, uliokufa. Hilo ndilo jambo ambalo kila mwenye kushika msasa sharti alifahamu kabla ya kusugua mara ya kwanza: hakuna namna ya kukiondoa kijani pasipo kuondoa sehemu ya mrija. Anayeusafisha mara moja kwa uangalifu hupoteza unene wa karatasi. Anayeusafisha kila mwezi, kwa kupenda kuuona ukimetameta, ataumaliza.

Wapiga klarineti wa bendi za jeshi na polisi wanaujua ugonjwa huu hata kama hawakupata kuusikia jina lake, kwa kuwa midomo ya klarineti nayo hutengenezwa kwa eboniti, na ikiachwa dirishani hugeuka kijani namna hiyo hiyo. Kalamu za wino za zamani pia. Yote yatakayosemwa hapa kuhusu kiko yanazifaa kalamu hizo. Ama midomo ya klarineti, kazi yake iishie katika kuoshwa kwa maji ya vuguvugu, kwani msasa ukipita penye ulimi wa tete sauti huharibika.

Gisenyi ni mahali pagumu kwa eboniti. Mji uko kiasi cha meta 1,460 juu ya usawa wa bahari, ambako jua lina ukali kuliko pwani, na ziwa Kivu liko mlangoni likitoa unyevu usiku na mchana. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, kuanzia Machi na kuanzia Septemba. Kiko kilichowekwa juu ya kizingiti cha dirisha linalotazama ziwa, mahali pazuri kabisa kwa mapambo, ndicho kitakachokuwa cha kwanza kufifia.

Kuna neno la afya lisilofaa kurukwa. Kukisafisha kiko si kukiruhusu kivutwe. Moshi wa kiko huleta saratani ya mdomo, ya koo na ya mapafu, hata kama mvutaji haumezi. Na sheria ya Rwanda ya mwaka 2013 kuhusu tumbaku imekataza kuvuta katika mahali pa watu wote. Kupokezana kiko kimoja mdomo kwa mdomo, jambo ambalo wazee walilihesabu kuwa ni heshima, ni kupokezana pia mate na vijidudu. Viko vingi vinavyosafishwa siku hizi husafishwa kwa ajili ya kumbukumbu, na hilo latosha kabisa kuwa sababu.

Kazi yenyewe huanza kwa kutenganisha mrija na bakuli. Kiko kiwe baridi, hakijavutwa siku hiyo. Shingo ya bakuli ishikwe kwa mkono wa kushoto, karibu sana na maungio, na mrija uzungushwe polepole kwa mkono wa kuume huku ukivutwa. Usipindishwe juu na chini kama mtu ang'oaye msumari, kwani shingo ya mti hupasuka kwa urefu wake, na ufa huo hauna fundi. Mrija ukikataa kutoka, kiko chote kifungwe katika kitambaa na kulazwa usiku mmoja mahali pa baridi. Masizi yaliyogundisha hushikamana kidogo zaidi, mti nao hunywea, na mara nyingi asubuhi mrija huachia.

Kisha mtu ajihakikishie kuwa alichonacho ni eboniti kweli. Jaribio ni jepesi: ausugue mrija kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa maji ya vuguvugu. Kitambaa kikitoka na rangi ya manjano au hudhurungi, na harufu ya salfa ikapanda, ni eboniti. Usipotoa rangi, nao ukabaki mweusi siku zote, ni plastiki ngumu ya siku hizi, ambayo haipatwi na kijani wala haihitaji zaidi ya sabuni. Plastiki hiyo isiguswe na spiriti, kwa maana hupasuka nyufa ndogo ndogo kama udongo wa kiangazi.

Ndani ya tundu huwa mna lami ya tumbaku iliyoganda. Hiyo hutolewa kwa nyaya zile zenye manyoya zinazouzwa kwa kazi hii, au, zisipopatikana, kwa uzi mnene wa pamba uliovutwa kwa sindano ndefu butu, ukiwa umeloweshwa alkoholi ya duka la dawa. Hupitishwa tena na tena hadi utoke mweupe. Spiriti ya kuwashia ina sumu na haifai kwa kitu kinachoingia mdomoni. Kuhusu kanyanga, ambayo wapo watakaoikumbuka kwa haraka kwa sababu ya ukali wake, wasomaji walio askari polisi wanajua vema kuwa Rwanda imeikataza, na haitakuwa jambo la kujivunia kumweleza ofisa wa zamu kwamba chupa ile ilikuwa ya kusafishia kiko cha babu.

Mrija sasa huoshwa nje kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kwa mswaki wa zamani usio mgumu, ukafutwa na kukaushwa. Maji ya moto hapana: huzidisha kijani, na yana jambo jingine kubwa litakaloelezwa baada ya muda mfupi. Wapo pia wanaoutumbukiza mrija katika maji ya javeli, yale ya kufulia nguo nyeupe. Ni kweli kwamba javeli hula kijani. Lakini hula pamoja na uso wa mrija, ukabaki na vishimo visivyohesabika kama ngozi ya aliyeugua ndui, na kazi ya msasa ikawa mara mbili. Ni njia ya mkato ambayo mwishowe ni ndefu.

Kabla msasa haujaguswa lipo shauri moja la kukata, nalo ni zito kuliko yote. Katika sehemu ile ya mrija inayoshikwa kwa meno, juu na chini, mna mabonde madogo. Ni alama za meno ya mwenyewe. Kwa mtu aliyenunua kiko sokoni, mabonde hayo ni kasoro tu, naye ataka yaondoke. Na eboniti ina tabia ya ajabu: hukumbuka umbo lake la kwanza. Ikitiwa joto hulainika, na pale meno yalipoididimiza miaka 20 au 30, huinuka yenyewe taratibu ikarudi ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani. Huhitaji moto mkali. Maji ya Gisenyi huchemka karibu nyuzi 95, kwa sababu ya urefu wa mji juu ya bahari, na hayo yatosha: ncha ya mrija hutumbukizwa nusu dakika, ikatazamwa, ikatumbukizwa tena. Mrija uliopinda nao, usipoangaliwa, hunyooka kwa kumbukumbu hiyo hiyo, kwa hiyo waya mnene hutiwa tunduni kwanza ili kuushikilia. Hiyo ndiyo hatari ya maji ya moto iliyotajwa. Kinachoinuka hakirudi chini tena.

Katika nyumba moja ya mji huu sajini wa jeshi, aliyekuwa likizoni kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambako askari wa Rwanda wamekuwa wakilinda amani tangu 2014, alikikuta kiko cha marehemu baba yake. Baba alikuwa dereva wa malori. Mama alikuwa amekitunza ndani ya fundo la kitenge. Hata Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku zilizofuata ardhi ikatikisika hadi kuta za nyumba nyingi za Rubavu zikapasuka, alipotoka kulala uwanjani alitoka na kitambulisho, picha moja na fundo lile. Mrija ulikuwa wa kijani kitupu. Sajini alikuwa mtu wa mikono mizuri, mwenye kujua kung'arisha, na alikusudia kumshangaza mama yake kwa kukirudisha kiko kama kipya. Alikwisha safisha ndani. Sufuria ilikuwa jikoni, maji yakianza kuunguruma, mama alipoingia akauliza maji yale ni ya nini.

Mwanawe akamwonyesha mabonde mawili ncha ya mrija, moja la kina na jingine jepesi, akamweleza jinsi yatakavyoinuka.

"Yatafutika?" aliuliza mama.

"Yatafutika kabisa, Mama. Hakuna atakayejua kuwa yalikuwapo."

Mama aliuchukua mrija, akapitisha kidole gumba juu ya mabonde yale kama mtu asomaye. Baba yao alikuwa na jino moja lililovunjika ubavuni, ndiyo maana bonde moja lilikuwa jepesi. "Picha ya baba yenu ninayo," alisema, "lakini ni ya kitambulisho. Hakucheka. Meno yake hayamo. Rangi iondoe, mwanangu, imekuwa mbaya. Hapa usipaguse."

Sajini akaepua sufuria, maji yakapikiwa chai.

Wapo watakaosema kwamba kiko chenye mabonde ni kiko kibovu, na kwa mvutaji maneno hayo yana haki yake: bonde likizidi kina hutoboka hadi katika njia ya moshi. Lakini wenye kazi ya kutunza vitu katika nyumba za makumbusho huwa upande wa mama yule. Alama ya matumizi kwao ni sehemu ya kitu, na ambalo haliwezi kurudishwa halifanywi kwa haraka. Basi shauri hili likatwe na wote wenye haki katika kiko, wala si na yule aliye na msasa peke yake. Ikiwa wamekubaliana kuyainua mabonde, yainuliwe sasa, kabla ya msasa. Ikiwa wamekubaliana kuyaacha, ncha nzima ifungwe utepe wa karatasi wenye gundi, kuanzia mdomoni hadi kidogo kupita alama, ili msasa usifike hapo kwa bahati mbaya. Sajini alifanya hivyo.

Msasa unaofaa ni msasa wa maji, ule unaouzwa katika maduka ya rangi za magari. Namba zake ni 600, 800, 1000, 1500 na 2000. 400 ni ya mrija ulioharibika sana, na asiye na uzoefu aiache dukani. Jiwe la kusugulia miguu, ambalo katika nchi hii ya volkano halina bei, lisiletwe kabisa karibu na mrija: chembe zake ni kubwa na hazilingani, zitachimba mifereji ambayo juma zima halitaifukia.

Kipande cha msasa hukatwa kidogo tu, kiasi cha kuzunguka ncha ya kidole, kikaloweshwa. Maji ni muhimu kwa sababu mbili: huchukua vumbi, ambalo lina salfa na halifai kuvutwa puani, na huzuia joto. Mtu husugua kwa kufuata urefu wa mrija, kwa mkono mwepesi, akigeuza upande mmoja baada ya mwingine. Akihamia namba inayofuata hubadili mwelekeo, akasugua kwa kukingama. Namna hiyo ataona waziwazi mikwaruzo ya namba iliyotangulia, na hatatoka hapo mpaka imekwisha yote. Wengi hushindwa hapa. Hukaa na namba ya 600 kwa bidii kubwa, kisha wakazikimbia namba za mbele kwa kuwa wameona weusi umerudi, na mwishowe mrija hung'aa lakini ukiugeuza katika mwanga huona michirizi kama ukucha wa paka.

Weusi wenyewe nao hudanganya. Mrija ulioloa huonekana mweusi hata kama kijani kingalipo. Ukikauka hudhurungi hujitokeza. Kwa hiyo kila baada ya kitambo ukaushwe, ukatazamwe nje kwenye mwanga wa jua, si chini ya taa. Taa ya jikoni imewatuliza watu wengi ambao asubuhi waliona haya.

Yapo mahali mawili yanayoharibika mikononi mwa mwenye pupa. La kwanza ni maungio, pale mrija unapokutana na shingo ya kiko. Kingo za hapo ni kali na zimelingana na mti sawasawa. Msasa ukizizungusha tu kidogo, mrija ukirudishwa hubaki mfereji usiozibika. Kinga yake ni kukata kiduara kutoka mfuniko wa ndoo ya plastiki, kipana kuliko mrija, kukitoboa katikati na kukivisha kwenye ulimi wa mrija, ule unaoingia ndani ya shingo. Kiduara hicho kiwe mpaka: msasa hufika hapo ukasimama. Ulimi wenyewe haupigwi msasa hata chembe, kwa sababu ukipungua mrija utalegea na kuanguka. La pili ni alama ya mtengenezaji, ambayo katika viko vingi imechapwa au kuchovya ubavuni mwa mrija. Kama ni ya kuchapwa kwa kina kidogo, dakika moja yatosha kuifuta. Hapo hufanywa kazi kwa kijiti cha pamba na dawa ya meno tu, hata kama kijani kidogo kitabaki kuizunguka.

Baada ya namba ya 2000 mrija huwa mweusi laini usio na mng'ao, kama kaa lililofutwa. Mng'ao huja kwa dawa laini. Katika jambo hili familia za askari zina bahati kuliko raia, kwani dawa ile ya kung'arishia vifungo na bakoli za mikanda hufanya kazi nzuri sana kwenye eboniti. Tone dogo latosha, juu ya kitambaa cha flaneli, kwa mzunguko mdogo mdogo, kama vile koplo anavyomfundisha kuruta. Lakini dawa hiyo ina viungo visivyofaa kuingia mdomoni. Mrija uoshwe kwa sabuni mara mbili baadaye, na tundu lake pia. Asiyetaka mashaka hayo atumie dawa ya meno nyeupe ya kawaida, si ile inayong'aa kama maji ya matunda, ambayo mara nyingi haina chembe za kutosha.

Kisha huja kitambaa. Ukanda wa pamba, kwa mfano ubavu wa suruali ya jinzi iliyochakaa, hufungwa kwenye mguu wa kitanda, ukavutwa kwa mkono mmoja hadi ukaze, na mrija ukapitishwa juu yake mbele na nyuma kama fundi viatu afanyavyo kwenye ncha ya kiatu. Mrija ukipata joto hata usivumilike mdomoni, asimame, upoe. Joto limekwisha elezwa lifanyalo. Mwenye mashine ya umeme ya kunolea asifikirie kwamba amepata njia bora. Gurudumu lake huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, huunguza mpira kabla jicho halijaona, na likiunasa mrija hulitupa ukutani.

Mwisho ni nta. Nta ya nyuki, ambayo hupatikana kwa wafugaji wa nyuki, huyeyuka katika nyuzi 62 hadi 65; hupakwa kidogo mno kwenye kitambaa kilichopashwa joto la mkono, na kusuguliwa mpaka isionekane. Nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mnazi fulani wa Brazili, ni ngumu zaidi na hudumu zaidi, maana huhitaji zaidi ya nyuzi 80 ili kuyeyuka. Rangi ya viatu haifai, hata kama weusi wake unashawishi na hata kama imo tayari nyumbani: ni kitu cha mguuni. Mafuta ya kupikia huchacha baada ya majuma machache na mrija ukanuka. Kwa anayeona nta ni taabu, tone la mafuta safi ya parafini, yale meupe yanywewayo kwa dawa ya tumbo na kuuzwa na wenye maduka ya dawa, laweza kutumika. Yasichanganywe na mafuta ya taa, ambayo kwingine huitwa kwa jina hilo hilo.

Kiko cha sajini kilichukua jioni tatu. Ulipotolewa utepe, mrija ulikuwa mweusi hadi karibu na ncha, na ncha yenyewe ikabaki na hudhurungi. Mabonde yalisuguliwa kwa kijiti cha pamba na dawa ya meno, kwa subira, hata rangi ikapungua bila kingo zake kuguswa. Ndani ya bonde la kina mstari mwembamba wa kijani haukutoka. Mama alisema unatosha.

Kinachobaki ni kuweka. Mrija uliosafishwa hauna kinga mpya. Utaanza kufifia siku hiyo hiyo, polepole. Uwekwe gizani na pakavu, katika mfuko wa kitambaa, wala si wa plastiki, ambao hufungia unyevu ndani na ambao kwa vyovyote Rwanda iliupiga marufuku mwaka 2008. Kwa anayekivuta, kuufuta mrija kwa kitambaa kikavu kila baada ya kuvuta, kabla mate hayajakauka juu yake, huokoa miaka ya msasa. Kwa asiyekivuta, kufuta mara mbili kwa mwaka, mwisho wa kila mvua, huwa kwatosha, na msasa usirudi kabla ya miaka mingi.

Na kisiwekwe pamoja na medali. Nyumba nyingi za askari zina sanduku moja la vitu vya heshima, na kiko cha mzee hulazwa humo humo kando ya nishani, beji na vifungo vya shaba. Salfa inayotoka katika eboniti, hata kwa kiasi kidogo sana, ikifungiwa ndani ya sanduku hushika fedha na shaba na kuzifanya nyeusi. Mtu akiona nishani zake zimefifia upande mmoja tu, ule unaoelekea kiko, sababu ni hiyo. Navyo vitenganishwe, kila kimoja na sanduku lake.